Döbereiner: Aliyewasha Moto Bila Kibiriti

Sisi tuliokulia Changamwe tuliuzoea moto wa mtambo wa kusafisha mafuta. Usiku ulikuwa ukiwaka juu ya bomba refu, nasi watoto tukiutazama kama mwezi wa pili. Mtambo huo ulianza kazi mwaka 1963 ukaacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Nilikuwa mtu mzima jirani yangu aliyefanya kazi mle aliponifahamisha kuwa ndani mlikuwa na platini, madini ya thamani kama dhahabu. Mafuta yakipita juu yake hugeuka kuwa petroli nzuri na kutoa haidrojeni, na platini yenyewe isiungue wala isiliwe. Kitu cha namna hiyo huitwa kichocheo.

Basi nikataka kumjua aliyeifichua siri hiyo, nikampata Mjerumani Johann Wolfgang Döbereiner.

Alizaliwa mwaka 1780 karibu na mji wa Hof. Babake alikuwa mwendesha gari la farasi, na shule hakuipata ya kutosha. Alipofika umri wa miaka 14 alipelekwa kwa muuza dawa akafunzwe kazi, na elimu nyingine akajisomea mwenyewe. Alijaribu biashara, hazikusimama. Mtu ana mke na watoto, na mkononi hana kitu.

Rehema ilimjia mwaka 1810. Mtawala wa Weimar, Carl August, alikuwa akitafuta mwalimu wa kemia wa chuo kikuu cha Jena, akachaguliwa huyu asiye na shahada. Mshauri wa mtawala alikuwa Goethe, yule malenga aliyempenda Hafidh wa Shirazi hata akakiita Diwani kitabu chake cha mashairi cha mwaka 1819. Goethe mwenyewe akawa akijifunza kemia kwa mtoto wa mwendesha gari.

Mwingereza Humphry Davy alikuwa ameshaona, mwaka 1817, waya wa platini ukiiva wekundu ndani ya gesi bila kuwashwa. Döbereiner akaenda mbele. Mwaka 1823 aliielekeza haidrojeni kwenye platini laini yenye vitundu kama sifongo, na gesi ikashika moto papo hapo. Akatengeneza taa: chupa ya tindikali, ndani yake kipande cha zinki kimening'inizwa chini ya kikombe kilichofudikizwa. Ukifungua bilula, haidrojeni hutoka, hugusa platini, moto huwaka. Ukifunga, gesi huisukuma tindikali chini hata isiifikie zinki, kazi ikasimama. Na haya ni kabla ya viberiti vya kusugua, ambavyo John Walker alianza kuviuza mwaka 1827!

Taa ziliuzwa kwa maelfu. Döbereiner hakuandikisha haki ya uvumbuzi, kila mtu akatengeneza na kuuza atakavyo. Mimi nampa heko, ingawa najiuliza mkewe alisemaje. Alifariki Jena mwaka 1849. Neno lenyewe la kichocheo liliingizwa katika kemia na Msweden Berzelius, mwaka 1835, baada ya kuyapima majaribio kama haya.

Je, kwa nini namtaja leo? Kwa sababu platini ni ghali, na katika chembe yake atomi za juu tu ndizo zifanyazo kazi. Za ndani zimekaa bure. Mwaka 2011 wataalamu wa China na wenzao walionyesha kuwa platini yaweza kutandazwa atomi moja moja, isikae hata moja bure. Wengine wanazipachika atomi hizo katika unga wenye vishimo vidogo mno, wa aina iliyompa Omar Yaghi, mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina aliyezaliwa Amman, Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025 pamoja na wenziwe wawili. Unga hutiwa majini, ukaanikwa juani. Mwanga ndio unaoyatenga maji na kuitoa haidrojeni, jambo ambalo Wajapani Fujishima na Honda walilionyesha mwaka 1972.

Jua la kwetu Likoni halina uhaba. Lakini atomi hizo hupenda kutoroka na kujikusanya tena, na haidrojeni ipatikanayo ni kidogo. Kwa hiyo nyingi ya haidrojeni duniani ingali ikitolewa katika gesi ya ardhini na makaa ya mawe, pamoja na moshi wake.