Sista Rosalie Rendu, Mama wa Maskini wa Mouffetard

Katika mwaka huu wa jubilei tunawakumbuka wote waliotutangulia katika kazi ya mapendo. Wengi wao waliishi hapa petu, na majina yao yamo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Katika ukurasa huu tunapenda kueleza maisha ya mtu aliyeishi mbali nasi, katika mji wa Paris huko Ufaransa, lakini anayeweza kutufundisha namna ya kukaa na maskini wa mji. Ndiye Mwenye Heri Sista Rosalie Rendu.

Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1786 katika kijiji cha Confort, katika milima iliyo karibu na mpaka wa Uswisi, akabatizwa kwa jina la Jeanne-Marie. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba yenye mabinti wanne. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mapadri waliokataa kiapo cha serikali walikuwa wakisakwa, na wazazi wake waliwaficha nyumbani mwao. Komunio yake ya kwanza aliipokea usiku, katika chumba cha chini ya ardhi, kwa mwanga wa mshumaa. Mwaka 1796 baba yake alikufa, na miezi michache baadaye mdogo wake wa mwisho naye akafa. Hivyo binti huyu alijua mapema maana ya hofu na ya kilio.

Mwaka 1802, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia katika shirika la Mabinti wa Mapendo wa Mtakatifu Vincent de Paul. Wakubwa wake walimtuma katika mtaa wa Mouffetard, akakaa huko zaidi ya miaka 50, mpaka kufa kwake. Mtaa huo ulikuwa kati ya mitaa maskini kupita yote ya Paris. Mto mdogo wa Bièvre ulipita hapo ukiwa umechafuliwa na kazi za watengeneza ngozi. Jamaa nzima zilisongamana katika vyumba vyenye unyevu na giza, na wengi walitafuta riziki yao kwa kuokota matambara njiani.

Mwaka 1815 Sista Rosalie aliwekwa kuwa mkubwa wa nyumba ya masista. Kidogo kidogo alianzisha dispensari, masomo kwa watoto, nyumba ya yatima, mahali pa kulea watoto wachanga wakati mama zao wakiwa kazini, na makao ya wazee wasio na mtu. Lakini hakungoja maskini waje mlangoni kwake. Aliwafuata nyumbani kwao, akapanda ngazi zao, akajua majina yao na magonjwa yao, na kesho yake akarudi tena. Huko kurudi ndiko kulikoamsha tumaini, maana mtu aliyesahauliwa na wote alijua sasa kwamba yuko anayemkumbuka.

Mwaka 1833 vijana wanafunzi, mmojawao Frédéric Ozanam mwenye miaka 20, walianzisha chama cha kusaidia maskini, lakini hawakujua kazi waianzie wapi. Sista Rosalie aliwaonyesha jamaa za kutembelea, akawapa karatasi za kuchukulia mkate na kuni, akawafundisha kusikiliza kwa uvumilivu bila kuhukumu. Chama hicho ndicho Shirika la Mtakatifu Vincent de Paul, lililoenea leo duniani kote.

Mwaka 1832 kolera iliua watu zaidi ya 18,000 katika Paris. Wengi wenye mali walikimbia mji. Sista Rosalie na wenzake walibaki, wakawauguza wagonjwa na kuokota maiti njiani. Ugonjwa uliporudi mwaka 1849, walifanya vivyo hivyo.

Tena yalikuwako mapigano. Mwezi wa Juni 1848 wafanyakazi na askari walipigana katika njia za mji, na Askofu Mkuu Affre aliuawa alipojaribu kuwapatanisha. Sista Rosalie alipita katikati ya vizuizi vya vita, akawahudumia waliojeruhiwa wa pande zote mbili. Hata zamani kabla ya hapo, mkubwa wa polisi alitaka kumfunga kwa sababu aliwasaidia waasi kukimbia. Sista alijibu kwamba yeye ni mtumishi wa mapendo, na kila mwenye taabu atasaidiwa, hata mkubwa huyo mwenyewe siku moja akisakwa.

Mwaka 1852 Napoleon III alimpa nishani kubwa ya taifa. Alitaka kuikataa, akaipokea kwa utii tu. Katika miaka yake ya mwisho macho yake yalipofuka, lakini aliendelea kuwapokea watu. Alikufa tarehe 7 Februari 1856, na umati mkubwa, matajiri na maskini pamoja, ulimsindikiza mpaka makaburi ya Montparnasse. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 9 Novemba 2003.

Ndugu wapendwa, sisi nasi tunakaa katika mji. Tunajua nyumba zinazovuja, na baba anayerudi jioni mikono mitupu. Pengine hatuna fedha za kujenga dispensari. Lakini mlango wa jirani uko karibu, na jina lake tunaweza kulijua. Jubilei ikipita, twende kumwona. Na kesho yake turudi tena.