Thomas Tompion: Mwana wa Mhunzi
Thomas Tompion, mwana wa mhunzi, alizaliwa mwaka wa 1639 huko Northill, Uingereza. Mwaka wa 1671 alijiunga na chama cha mafundi saa cha London. Mwaka wa 1676 akaunda saa mbili za kituo cha wanafalaki cha Greenwich. Kilele cha ufundi wake ni saa ya mezani aliyomtengenezea Mfalme William wa Tatu: ikitiwa ufunguo mara moja, hufanya kazi mwaka mzima, ikigonga kila itimiapo saa. Alifariki mwaka wa 1713, akazikwa Westminster Abbey walikolazwa wafalme. Mwaka wa 1838 jiwe la kaburi lake liliondolewa, kisha likarejeshwa. Fundi halisi hasahauliki; kazi yake humtetea.