Papa Yohane wa 23: Mtoto wa mkulima aliyebadilisha mafundisho kuhusu Wayahudi

Kwa karne nyingi, Ijumaa Kuu ilikuwa siku ya hofu kwa Wayahudi wa Ulaya. Wakristo wengi walifundishwa kwamba Wayahudi wote wana hatia ya kifo cha Yesu, kwamba Mungu amewakataa na Kanisa limechukua nafasi yao. Baada ya ibada, wengine walitoka kwenda kuwapiga majirani zao. Leo tunamwangalia mtu aliyesaidia sana kubadilisha mafundisho hayo.

Angelo Giuseppe Roncalli alizaliwa tarehe 25 Novemba 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, kaskazini mwa Italia. Familia yao ilikuwa kubwa. Walilima ardhi ya mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Angelo alipata upadri mwaka 1904.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa mwakilishi wa Papa mjini Istanbul, Uturuki. Huko alikutana na Wayahudi waliowakimbia Wanazi, akawasaidia kupata karatasi za safari na kuwaombea msaada kwa wakubwa. Hata hivyo, Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa barani Ulaya, na wauaji wengi walikuwa watu waliobatizwa.

Tarehe 28 Oktoba 1958 Roncalli alichaguliwa kuwa Papa, akiwa na miaka 76. Wengi walidhani mzee huyu hatabadilisha kitu. Lakini mwaka 1959 aliagiza neno la kuwadharau Wayahudi liondolewe katika sala ya Ijumaa Kuu.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Juni, alimpokea Jules Isaac, mwanahistoria Myahudi kutoka Ufaransa. Mke na binti wa mzee huyo waliuawa na Wanazi. Isaac alikuwa amechambua Injili na kuonyesha kwamba Yesu, Maria na mitume wote walikuwa Wayahudi, na kwamba kulilaumu taifa zima hakuna msingi. Alimwomba Papa mafundisho hayo yarekebishwe. Papa alimkabidhi kazi hiyo Kardinali Augustin Bea.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962. Miongoni mwa maaskofu walioshiriki alikuwamo Laurean Rugambwa wa Bukoba, ambaye Papa Yohane alimfanya kardinali mwaka 1960.

Papa Yohane hakuona mwisho wa kazi hiyo. Alifariki tarehe 3 Juni 1963 kwa saratani ya tumbo. Isaac naye alifariki mwaka huohuo. Papa Paulo wa 6 aliendeleza Mtaguso, na tarehe 28 Oktoba 1965 tamko liitwalo Nostra Aetate lilipitishwa kwa kura 2,221 dhidi ya 88.

Tamko hilo linasema mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo. Linafuata mafundisho ya Mtume Paulo katika Warumi sura ya 11, kwamba Mungu habatilishi wito wake, na kwamba Wakristo wa mataifa ni matawi yaliyopandikizwa kwenye mzeituni wa Israeli. Pia linalaani chuki dhidi ya Wayahudi.

Kwa hiyo, katekista au mzazi anayesimulia mateso ya Yesu anaweza kuwataja Pilato, askari wa Kirumi na baadhi ya viongozi wa Yerusalemu. Akisema Wayahudi ndio waliomuua, anarudia mafundisho ambayo Kanisa limeyaacha, na watoto watamwamini.