George Washington Carver, Mwalimu wa Wakulima

Muhula uliopita nilisimama katika mdahalo nikasema kwa kujivuna kwamba George Washington Carver ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Watu wakapiga makofi, na upande wetu ukashinda. Jumamosi iliyofuata niliingia maktaba kusoma habari zake, nikaona kwamba nimekosa. Kwa kuwa nilikosa mbele ya shule nzima, yanipasa kusahihisha mbele ya shule nzima.

Carver alizaliwa yapata mwaka 1864, karibu na mji wa Diamond, Missouri, katika nchi ya Marekani. Mama yake, Mary, alikuwa mtumwa wa Moses Carver, naye mtoto akawa mtumwa vile vile. Angali mchanga, wezi wa watumwa walikuja wakamchukua pamoja na mama yake. Moses akatuma mtu kuwafuata. Mtoto akapatikana, na aliyemrudisha akapewa farasi kuwa ujira wake. Mama hakuonekana tena.

Watumwa walipowekwa huru, Moses na mkewe Susan walimlea George pamoja na ndugu yake. Alikuwa dhaifu wa mwili, kwa hiyo hakupewa kazi nzito za shamba, bali Susan alimfunza kupika, kushona na kusoma. Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Basi alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi alikwenda kwa miguu hata Neosho, mwendo wa kilometa 13 hivi. Huko alikaa kwa Mariah Watkins, mama aliyekuwa akifua nguo za watu, akimsaidia kazi za nyumbani ili apate kusoma.

Alipokuwa kijana, chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na rangi yake ikaonekana, alikataliwa. Hata hivyo hakuacha. Mwaka 1890 aliingia Simpson College, Iowa, akajifunza uchoraji, huku akifua nguo za wenzake ili apate fedha za kula. Mwaka 1891 alihamia chuo cha kilimo cha Ames, akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza hapo. Akapata digrii mwaka 1894, na ya pili mwaka 1896.

Mwaka ule ule wa 1896 Booker T. Washington alimwita kufundisha Tuskegee, Alabama. Wakulima weusi wa huko walikuwa maskini sana, na pamba ilikuwa imelimwa mwaka baada ya mwaka hata udongo ukachoka. Carver aliwafundisha kubadilisha mazao, wapande karanga, kunde na viazi vitamu. Katika mizizi ya karanga na kunde hukaa vijidudu vinavyotwaa naitrojeni ya hewani, na kwa njia hiyo udongo hupata nguvu tena. Wasioweza kuja chuoni walifuatwa kwao. Tangu mwaka 1906 gari la kukokotwa na wanyama lilipita vijijini likiwa na zana na mbegu za kufundishia.

Lakini mkulima aliyevuna karanga nyingi azifanyie nini? Mwaka 1916 Carver alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuzitayarisha kwa chakula: supu, mikate, peremende na vingine vingi.

Sasa nasahihisha kosa langu. Mwaka 1884 Marcellus Gilmore Edson wa Kanada alikuwa amekwisha pata hataza ya karanga zilizosagwa, na mwaka 1895 Dakta John Harvey Kellogg aliomba hataza ya njia yake. Tena mwaka 1901 Julia Davis Chandler aliandika katika gazeti moja la mapishi jinsi ya kutia siagi ya karanga na jeli ya matunda kati ya vipande vya mkate. Kijitabu cha Carver kilikuwa bado miaka 15.

Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee. Fedha alizojiwekea aliziacha zitumike kwa utafiti. Nilipomaliza kusoma niliona kwamba sifa niliyompa haikuwa yake, nayo ilikuwa ndogo kuliko iliyo yake.

Likizoni, kwetu Lango, nilimwomba mama anisagie karanga tupu juu ya jiwe, bila simsim. Nikapaka vipande vyote viwili vya mkate, kisha nikatia jamu ya mapera katikati. Mafuta ya karanga huzuia jamu isiloweshe mkate. Mdogo wangu alikula, akaniuliza ni nani aliyevumbua chakula hiki. Safari hii nilimjibu sawasawa, kisha tukachukua majembe tukaenda kumsaidia mama kupanda.