Muyaka bin Haji, Malenga wa Mvita

Miongoni mwa malenga ambao majina yao hayakosekani katika mihadhara ya ushairi wa Kiswahili ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Wataalamu wanakadiria kuwa alizaliwa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840. Mji alioishi ndio unaoitwa leo Mji wa Kale wa Mombasa, wenye mitaa kama Kuze na Kibokoni, baina ya Ngome ya Yesu na bandari ya majahazi.

Muyaka alikuwa mfanyabiashara na msafiri wa baharini. Biashara ilimpandisha na kumshusha, na hali zote mbili zimo katika beti zake, sambamba na mapenzi, ndoa na marafiki wasioaminika. Alipenda kulizungusha neno moja lenye maana nyingi hadi msikilizaji apotee, kisha afurahi kwa kupotea kwake. Bahari aliyoistawisha ni ya shairi la mishororo minne, lenye kuimbwa kwa mahadhi. Wahakiki wengi husema kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo ina ukweli, ila imekuzwa mno: nyimbo za gungu na za harusini zilikuwapo kabla yake. Alichofanya Muyaka ni kuyapa mambo ya kila siku ufundi ambao hapo awali ulihifadhiwa zaidi kwa tenzi za dini.

Lakini sauti yake ilivuma hasa katika siasa. Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, waliokuwa maliwali wa Oman kabla ya kujitawala. Muyaka alikuwa mtu wao wa karibu, na mashairi yake yalikuwa silaha yao. Mnamo 1812 au 1813 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vibaya na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Vita vya maneno navyo vilipamba moto, Muyaka akirushiana beti na mshairi wa Lamu, Zahidi Mngumi. Baadaye adui akawa Sayyid Said bin Sultan mwenyewe. Bendera ya Uingereza, iliyopandishwa Mombasa mwaka 1824, ilishushwa miaka miwili baadaye bila kuwaokoa Mazrui. Kuanzia 1828 Sayyid Said aliushambulia mji mara kadhaa, na Muyaka akawahimiza wenzake wasisalimu amri. Mwaka 1837 mji ulianguka. Viongozi wa Mazrui walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, wala hawakurudi. Malenga wao aliishi miaka kama mitatu hivi chini ya mtawala aliyempinga maisha yake yote.

Mshairi wa upande ulioshindwa angeweza kusahaulika kwa urahisi. Tungo zake zilibaki vinywani mwa wakazi wa Mvita, na aliyezikusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Akishirikiana na mmishonari Mwingereza W. E. Taylor, alizihifadhi kwa maandishi na kuzifafanua. Hapa ndipo penye mgogoro kwa mtafiti. Baina ya kifo cha Muyaka na kazi hiyo ilipita takriban nusu karne, na mji uliompenda sana mtunzi huweza kumbandika hata beti zisizokuwa zake. Pasipo hati ya mkono wake mwenyewe, mhakiki hulazimika kupima kila shairi kwa lahaja yake ya Kimvita na kwa matukio linayoyataja.

William Hichens ndiye aliyeichapisha diwani hiyo huko Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mauti ya mtunzi. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa jijini Nairobi uchunguzi mpana zaidi, akiyarudisha mashairi katika vita na biashara yalikozaliwa. Karatasi za Taylor, zenye sehemu kubwa ya urithi huo, zimehifadhiwa London.