Hughie Gallacher
Hugh Kilpatrick Gallacher (Bellshill, Uskoti, 2 Februari 1903 – Gateshead, Uingereza, 11 Juni 1957) alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu aliyecheza kama mshambuliaji.

Alishinda Kombe la Uskoti na Airdrieonians mwaka 1924. Mwaka uliofuata alihamia Newcastle United. Akiwa nahodha, alifunga magoli 36 ya ligi katika msimu wa 1926–27, na Newcastle ikatwaa ubingwa ambao haijaupata tena tangu hapo. Mwaka 1930 aliuzwa kwa Chelsea.

Aliichezea Uskoti mechi 20 na kufunga magoli zaidi ya 20. Alikuwemo kikosini ilipoifunga England 5–1 huko Wembley mwaka 1928.

Alijiua siku moja kabla ya kufika mahakamani kwa shtaka la kumtendea vibaya mwanawe.