Aliyeona Dawa Ndani ya Mafuta

Jina la Kongwa halitengani na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta huko matrekta mengi wakitafuta mafuta ya kula. Udongo mgumu na uhaba wa mvua vikawashinda, na mwaka 1951 shauri lile likaachwa. Leo twapenda kumkumbuka mtu ambaye, katika miaka ile ile, alipata ndani ya mbegu ya mafuta kitu kilicho bora kuliko mafuta. Naye ni Percy Julian wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1899 mjini Montgomery, Alabama, mjukuu wa mtumwa. Kwao mtoto mweusi hakupata elimu kamili ya sekondari. Hivyo alipoingia Chuo cha DePauw ilimbidi kujazia masomo hayo jioni. Hata hivyo mwaka 1920 alimaliza akiwa wa kwanza, na mwaka 1931 akapata udaktari wa kemia huko Vienna.

Mwaka 1940, katika kiwanda cha soya cha kampuni ya Glidden, Chicago, maji yalivuja ndani ya tangi la mafuta, yakatokea mashapo meupe. Wengine waliona hasara. Julian alitambua kwamba ni stigmasteroli, ambayo yaweza kugeuzwa kuwa projesteroni, homoni inayotunza mji wa mimba. Homoni hiyo ilikuwa adimu na ghali. Yeye akaitengeneza kwa wingi. Madaktari wakawapa akina mama ambao mimba zao zilikuwa hatarini. Siku hizi yajulikana kwamba huwafaa baadhi yao, si wote.

Sifa hazikumkinga. Mwaka 1950 watu walijaribu kuichoma nyumba yake huko Oak Park, na mwaka 1951 wakairushia baruti. Hakuhama. Alifariki mwaka 1975.

Mwaka 1951 wataalamu wa Mexico walibuni homoni nyingine inayofanya kazi kama projesteroni. Katika homoni za namna hiyo zimetoka dawa za kuzuia hedhi ya kupita kiasi, na pia vidonge vya kuzuia mimba. Mwaka 1968 Papa Paulo wa Sita alikataza kuzuia mimba kwa njia hiyo, lakini hakukataza kuutibu mwili ulio mgonjwa.

Basi, mama wa Kikristo anayeandikiwa dawa hizi asikimbie kwa kusikia jina tu. Amwulize daktari zinatibu nini. Julian naye alitazama kwanza kilichomo tangini, wala hakukimwaga.